Kuunda au Kununua Kompyuta ya Kuhariri Video

Siku hizi katika shule nyingi viko vyama vya picha, ambavyo hupiga video za michezo, maigizo na mahafali. Chama kikipata fedha kidogo kutoka kwa wazazi, swali huzuka: tununue kompyuta iliyo tayari, au tununue vipande tuiunde wenyewe? Kabla ya kushika upande yafaa tuijue kazi yenyewe, kwa maana mshoni hupima kwanza, ndipo akate.

Tuanze na hesabu. Kila picha ya video ya HD kamili ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600. Picha ya 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani 8,294,400, mara nne kamili. Kamera ikiandika megabiti 100 kwa sekunde, hizo ni megabaiti 12.5, kwa kuwa biti 8 ni baiti moja. Kwa saa moja twapata megabaiti 45,000, yaani gigabaiti 45. Mahafali ya saa tatu yataka gigabaiti 135, na bado hujafanya nakala yo yote.

Tena, ili kuokoa nafasi, kamera nyingi haziandiki kila picha nzima. Huandika moja nzima, kisha huandika yale tu yaliyobadilika katika zifuatazo. Ukitaka kuiona picha ya katikati, kompyuta haina budi kuijenga upya kwa kutazama jirani zake. Ndiyo sababu mashine inayoandika barua vizuri hukwama mbele ya video. Basi fedha ziende kwenye prosesa yenye sehemu maalum ya kufungua video, kadi ya picha, diski ya SSD, na kumbukumbu ya kutosha, ile ambayo wauzaji huiita ramu. Gigabaiti 16 ni mwanzo mwema. Kwa 4K, 32 ni bora.

Anayeunda huchagua mwenyewe shilingi yake iende kwenye kipande gani. Kimoja kikifa, hubadilisha hicho tu. Na wanafunzi hujifunza ufundi. Lakini prosesa isiyolingana na bodi mama haiingii, na kila kipande kina dhamana yake. Tena umeme ukikatika, kompyuta ya mezani huzimika papo hapo. Kwa hiyo bei ya kioo, kibodi na kifaa cha UPS lazima ihesabiwe tangu mwanzo, maana hapo ndipo wengi hudanganyika kwamba kuunda ni rahisi.

Anayenunua kompyuta ya mkononi hupata betri ndani yake, dhamana moja, na mashine iwezayo kubebwa mpaka ukumbini. Hasara yake ni kwamba nyingi haziongezeki. Katika kompyuta za Apple zilizoanza kutumia chipu ya M1 mwaka 2020, kumbukumbu uliyonunua siku ya kwanza ndiyo utakayoishi nayo. Ziko pia kompyuta za ofisini zilizokwisha kutumika, ambazo bei yake ni nafuu. Ila angalia umbo, kwa kuwa yale makasha madogo mara nyingi hayapokei kadi kubwa ya picha.

Maoni yangu ni haya. Chama chenye chumba kinachofungwa, na mwalimu au fundi wa kuitunza mashine, na kiunde. Chama kinachohamahama, au ambacho umeme wake hukatika mara kwa mara, na kinunue. Lakini kwa njia yo yote ile, fedha za diski mbili za nje zitengwe kwanza, na diski hizo zikae mahali mbalimbali. Kompyuta ikifa itapatikana nyingine. Mzazi aliyechanga fedha zake ili amwone mwanawe akipokea cheti hatafanyiwa mahafali mengine.