GB 69 hazikuibwa

*Shangazi, shikamoo. Napiga video za harusi. Nilinunua diski ya TB 1 Kariakoo, dukani kwa binamu yangu, mtoto wa mjomba. Nilipoichomeka kwenye kompyuta ikaonyesha GB 931. Kumuuliza, akasema "ndivyo zilivyo". Nikaandika kwenye grupu la ukoo kwamba ni mwizi; sasa mama hanisemeshi. Nina harusi tano, kila moja GB 180. Nikitoa 900 zinabaki 31, na kuna sendofu ya GB 90 nimeshapokea kianzio. Kuna mtu ananiuzia flashi ya TB 2 kwa bei ya kutupa. Niichukue? Na huyu binamu nimpeleke polisi? S.M., Mbweni.*

Marahaba, S.M. mwanangu. Uchungu wako naufahamu. Kutoka Mbweni hadi Kariakoo na pesa ya kudunduliza, kisha ukute namba pungufu, lazima moyo ushtuke. Na binamu yako alikujibu kwa mkato; ndugu anastahili maelezo. Hata hivyo, hakukuibia.

Diski moja, hesabu mbili

Kiwanda huhesabu kwa elfu. TB 1 kwake ni baiti trilioni moja, basi. Windows huhesabu kwa 1,024, kwa sababu kumbukumbu ya kompyuta hupangwa kwa mbilimbili: 2, 4, 8, 16, hadi 1,024. Kwa hesabu hiyo GB moja inakuwa baiti 1,073,741,824. Chukua trilioni moja, gawanya kwa namba hiyo, utapata 931. Ni sawa na saa moja usiku kwenye kadi ya mwaliko na 19:00 kwenye tiketi ya ndege: wakati ni uleule.

Usiniamini kwa maneno tu. Fungua maelezo ya diski kwenye kompyuta yako. Mbele ya 931 GB utaona namba ndefu ya baiti zote, yenye tarakimu kumi na tatu, inayoanza na 1,000. Trilioni yako iko pale. Ukipata mtu mwenye Mac, ichomeke kwake: tangu 2009 Mac huhesabu kwa elfu kama kiwanda, na diski hiyohiyo itasoma TB 1.

Wenye lawama wapo, ila si muuza duka. Mwaka 1998 tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, ilitoa alama ya pekee kwa hesabu ya 1,024: GiB. Windows ikaendelea kuandika GB, na hilo mimi naliona ni kuwatesa watu bure. Huko Marekani wateja waliwashtaki watengenezaji wa diski kwa malalamiko kama yako. Western Digital ilimaliza kesi yake kwa makubaliano mwaka 2006, Seagate mwaka 2007. Na kadiri diski inavyokuwa kubwa ndivyo pengo linavyopanuka. Ukinunua ya TB 4, Windows itakuandikia 3.63, usije ukagombana tena.

Harusi zako zinaenea

Hapa ndipo ulipojiumiza mwenyewe. Kamera yako, kwa hizo GB 180, nadhani imewekwa megabiti 50 kwa sekunde. Biti nane ni baiti moja, kwa hiyo ni MB 6.25 kwa sekunde, GB 22.5 kwa saa. Kamera mbili kwa saa nne ndiyo 180. Sawa kabisa, lakini hiyo ni hesabu ya elfu. Ukaitoa kwenye 931, ambayo ni hesabu ya 1,024. Umechanganya vipimo.

Kwa elfu: 1,000 toa 900, zinabaki 100. Sendofu ya 90 inaingia. Kwa Windows: harusi moja itaonekana kama 168 hivi, tano ni 838, zinabaki 93; sendofu itasoma 84, nayo inaingia. Shika hesabu moja tangu mwanzo hadi mwisho. Nafasi inayobaki ni finyu, kwa hiyo usimwahidi mteja mwingine kwenye diski hiyo.

Flashi hiyo iache

Wizi ulioutafuta kwa binamu yako huenda uko huku. Zipo flashi zilizochezewa ndani ili ziitangazie kompyuta ukubwa zisiokuwa nao. Unanakili, inapokea, majina ya mafaili yanaonekana na ukubwa wake. Siku ya kumkabidhi bibi harusi, video hazifunguki, kwa sababu zilipozidi nafasi halisi zilifutana au hazikuandikwa kabisa. Harusi hairudiwi, mwanangu. Utarudisha pesa, na jina lako litasemwa kuanzia Bunju hadi Tegeta.

Kama umeshailipia, usiweke kazi ya mtu humo. Ijaribu ikiwa tupu kwa programu ya bure iitwayo H2testw: inaijaza flashi yote, kisha inasoma tena kila ilichoandika. Ikifeli, irudishe pamoja na risiti. Muuzaji akikaidi, nenda Tume ya Ushindani, FCC. Bidhaa bandia ni kazi yao.

Kwenye grupu la ukoo

Sasa sikubembelezi. Ukimpeleka binamu yako polisi, kwa diski hii huna kesi, na mjomba wako hatasahau. Muuza duka akishaitwa mwizi na nduguye, wateja nao wanaanza kuuliza. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe umejikwaa mbele ya ukoo mzima. Kumwomba radhi pembeni kwa simu hakutoshi. Mpigie kwanza, kisha uandike palepale ulipoandika: "Nilimwita mwizi, nilikosea. Diski ni nzima, ni mimi sikujua hesabu yake." Usiongeze "lakini". Halafu nenda kwa mama uso kwa uso.

Na kazi za watu hazikai mahali pamoja. Unahitaji diski ya pili ya kuhifadhi nakala. Kanunue kwa binamu yako, ukadai risiti ya EFD kama ambavyo ungeidai kwa muuzaji mwingine yeyote.