SOMO LETU: NZIGE HUPATA WAPI NGUVU YA KURUKA?



Nzige wa jangwani walipoingia Kenya mwishoni mwa 2019, watu wa Mandera, Wajir na Marsabit walijionea ajabu. Kundi lalala hapa, kesho yake liko mbali kabisa. Mdudu wa gramu 2 hivi aweza kwenda kilomita 100 na zaidi kwa siku akisaidiwa na upepo. Sasa, petroli yake ni nini?

Swali hili lilimshughulisha Torkel Weis-Fogh, mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa Denmark mwaka 1922. Alianza kama msaidizi wa Profesa August Krogh huko Copenhagen. Hawa wawili hawakukimbizana na nzige porini. Walitengeneza chombo kama bembea ya kuzunguka, wakawafunga nzige hapo, nao wakaruka kwa saa nyingi bila kufika popote! Krogh alifariki 1949. Weis-Fogh akaendelea kupima, na mwaka 1952 akatoa jibu: nzige huanza safari kwa sukari iliyo mwilini, lakini safari ikiwa ndefu huchoma hasa mafuta. Ukipima kwa uzito, mafuta yana nguvu zaidi ya mara mbili ya sukari, kwa hiyo mzigo ni mwepesi. Aliyewahi kukaanga kumbikumbi ameyaona mafuta ya mdudu arukaye yakitoka sufuriani. Na nzige huyapata wapi? Si kwa mtama wako na malisho ya ng'ombe wako!

Aliona pia kwamba nzige ana vinyweleo kichwani vya kusikia upepo. Mninginize miguu isiguse kitu, mpulizie usoni, mara anapiga mabawa.

Mimi hupendezwa zaidi na kazi yake ya 1960. Kwenye maungio ya bawa alikuta kitu kama mpira, akakiita resilini. Bawa likipanda, kinavutika kama mpira wa manati. Likishuka, kinarudisha karibu nguvu yote. Hivyo mafuta hayaishi haraka.

Mwaka 1966 akawa profesa Cambridge, Uingereza. Huko alichunguza nyigu aitwaye Encarsia, asiyefika hata milimita moja, anayepiga mabawa mara 400 hivi kwa sekunde. Huyagonganisha mgongoni kama makofi, kisha huyafungua ghafla, na hewa ikimbiliayo hapo katikati humsaidia kuinuka. Huyo ni rafiki wa mkulima, maana hutaga mayai ndani ya watoto wa inzi weupe wanaosumbua nyanya. Weis-Fogh alieleza hayo 1973, akafariki 1975.

Jambo moja zaidi. Misuli ya nzige ikiwa baridi haiwezi kazi. Asubuhi hukaa juani kwanza, ndipo aruke.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:

1. Kwa nini wapulizaji dawa hupenda kufika alfajiri?
2. Nzige akishashiba kwako, ni mashamba ya nani yaliyo hatarini?
3. Kundi likitua hapa kwetu jioni, nani atampelekea chifu habari usiku huo huo?