Tumbaku ya Kiko: Ivutwe Mpya au Ilazwe? Mafunzo Niliyopata Kipalapala

Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, watu wengi wanaijua kwa seminari kuu na vitabu vya mchapishaji TMP. Mimi nimeijua pia kwa kiko na kwa majirani wanaolima tumbaku.

1. Hakuna kopo la tumbaku lililo jipya kabisa.
Mkoani kwetu zao kubwa ni tumbaku ya mvuke, yaani Virginia. Jani linachumwa, linafungwa kwenye fito na kupandishwa bani, yaani banda la kukaushia, ambako joto hupita ndani ya mabomba bila moshi kuligusa. Kwa muda wa kama wiki moja huwa la njano kwanza, kisha hukauka jani, mwisho kikonyo. Katika hatua ile ya njano wanga hugeuka sukari, halafu joto kali hulisimamisha jani hapo lilipofikia. Sukari hiyo ndiyo mtaji wa kulaza tumbaku, yaani kuiweka muda mrefu ili ikomae.

Lakini jaza kiko kwa jani lililoshuka bani juzi uone: ulimi unawaka na pua inapata harufu ya nyasi kavu. Ndiyo maana viwandani jani hukaushwa upya hadi unyevu wa kama asilimia 12, likashindiliwa na kulala ghalani mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Huko amonia hupungua, rangi hukolea, ukali hutulia. Kopo unaloliita jipya dukani lina jani lililokwisha kulala. Tunachobishania wavuta kiko ni nyongeza tu ya kulaza nyumbani.

2. Subira ni ya mwenye ghala.
Mkulima hana anasa hiyo. Jani linachumwa mvua ikiwa bado inanyesha, na tumbaku hunywa unyevu wa hewa upesi. Likikaa nyumbani likiwa bichibichi, ukungu unaingia. Likikauka mno, linavunjika mkononi na kugeuka vumbi. Kwa vyovyote mteuzi anayepanga madaraja ya tumbaku atalishusha daraja, na deni la mbolea kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, halishuki nalo. Kwa hiyo mzee wa hapa akiniambia tumbaku haiwekwi, anazungumzia mtumba wake wa tumbaku ya kuuza, wala hakosei. Thamani ya umri anaivuna mwenye ghala kavu na fedha za kungojea. Kwa maoni yangu hilo ni dhuluma ndogo iliyozoeleka.

3. Si kila mchanganyiko unafaa kulazwa.
Virginia tupu hupendeza ikilala miaka mitano au zaidi. Tumbaku ya hewa, burley, sukari yake ni kidogo sana, hivyo ukiilaza hubadilika kidogo tu. Ile ya moshi, inayolimwa Songea na Namtumbo, naivuta mapema, kwa sababu ule moshi ninaoufuata hufifia. Na zile za kutiwa vanila au matunda? Kiporo cha maharage huwa kitamu kesho yake, lakini si kila kiporo ni maharage. Harufu ya kutiwa haikomai, inaondoka.

4. Kushindilia kunasaidia.
Mpelelezi Mwingereza Burton, aliyefika Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika kuhusu tumbaku ya Usambara iliyofinyangwa mikate na kufungwa kwa majani ya migomba ili ipelekwe Unguja. Tumbaku iliyoshindiliwa haipitishi hewa nyingi, hukauka polepole na husafiri vizuri. Hata leo vipande vilivyoshindiliwa hulala vizuri kuliko tumbaku iliyokatwakatwa.

5. Adui ni bati.
Oktoba ya Tabora chini ya paa la bati ni tanuri. Tumia chupa ya kioo yenye kifuniko kinachokaza, iweke gizani mahali penye ubaridi wa kawaida, nawe andika mwaka kwenye kifuniko. Friji haihitajiki. Usiifungue kila mara kunusa, maana kila ukifungua unaanza upya.

6. Ulaini si usalama.
Hili nalisema bila kuzunguka. Kulaza hakuondoi nikotini wala hatari ya saratani ya mdomo, koo na mapafu. Katika burley iliyowekwa kwenye joto, baadhi ya kemikali zinazosababisha saratani zinaweza hata kuongezeka. Moshi laini unadanganya koo, haudanganyi mwili. Mwenye kidonda cha mdomo kisichopona aende hospitali. Nawe ambaye hujaanza kuvuta, tafadhali usianze kwa sababu ya makala haya.