Mhuri wa Mpira na Elimu ya Mapambo Yanayojirudia

Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya karatasi. Misonobari ya Sao Hill, wilayani Mufindi, ndiyo iliyosababisha kiwanda cha Mgololo kujengwa karibu yake, nacho kikaanza uzalishaji mwaka 1985. Mjini Iringa, karakana ya Neema Crafts ilianzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ili kuwapatia kazi watu wenye ulemavu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza karatasi kwa mkono, na walioianza ni vijana viziwi. Miongoni mwa malighafi zake kulikuwa na kinyesi cha tembo, ambacho kina nyuzinyuzi nyingi za majani.

Karatasi ya mkono huhitaji kuloweka, kuponda, kuchuja na kukausha. Ni kazi ya siku kadhaa. Kuipamba kwa mhuri ni kazi ya dakika chache. Hata hivyo, mhuri mmoja uliopigwa kombo waweza kuiharibu kazi yote iliyotangulia, na kadi ikakosa mnunuzi. Kwa hiyo inafaa kuchunguza kanuni zinazofanya pambo likae sawa.

Mpira, wino na karatasi

Mpira hufaa kwa mihuri kwa sababu hunepa. Unapokandamizwa, hujaza mabonde madogo ya karatasi, kisha hurudia umbo lake. Mpira mbichi hulainika kwa joto na kukakamaa kwa baridi; dosari hiyo iliondolewa mwaka 1839, Charles Goodyear alipogundua kuwa mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hudumu katika hali moja. Fundi aweza kuchonga mhuri kwa wembe katika kifutio cha penseli au kipande cha tyubu ya baiskeli, kisha akaugundisha kwenye kibao. Asiye na mpira aweza kujifunza kwa kiazi mviringo kilichokatwa katikati, mradi akifute kwanza kwa kitambaa, maana maji yake huupunguza wino.

Wino wa mhuri hutiwa gliserini ili usikauke upesi katika pedi. Wino huu haukauki vema juu ya karatasi inayong'aa, bali hukauka kwa kunyonywa na nyuzi za karatasi. Karatasi inayonyonya kupita kiasi huutawanya wino, na kingo za pambo zikafifia. Basi ni lazima kujaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi ileile. Mhuri ushushwe wima na kuinuliwa wima. Ukiyumbishwa, kingo zake huacha alama zisizotakiwa. Katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, wino hukawia kukauka, na karatasi zisipangwe juu ya nyingine mapema.

Kosa linalokua

Tuseme mhuri una upana wa sentimita 3, na safu inahitaji mihuri 20. Mwanafunzi huweka kila mhuri ubavuni mwa uliotangulia kwa kukadiria kwa macho. Ikiwa kila mara anaacha nafasi ya nusu milimita, kosa hilo halionekani. Lakini nafasi ziko 19. Kufika mhuri wa mwisho, kosa limekuwa milimita 9.5, karibu theluthi moja ya upana wa mhuri. Safu ya pili ikikosewa kwa kiasi kingine, mapambo ya safu mbili hayatakutana kamwe.

Dawa yake ni kupima kila nafasi kutoka chanzo kimoja. Rula iwekwe mara moja tu, na alama za penseli zitiwe kwenye 0, 3, 6, 9 na kuendelea hadi 57. Hapo kila mhuri utakuwa na kosa lake dogo, bali kosa la mmoja halitarithiwa na mwingine. Kanuni hiyohiyo humwongoza mwashi apangaye matofali kwa kamba.

Pambo linalozunguka lina sharti jingine. Mfumaji wa kikapu cha Iringa, anayetumia milulu, anajua kuwa pambo la mviringo lazima likutane na mwanzo wake. Vivyo hivyo, kopo la karatasi lenye mzingo wa sentimita 24 hupokea mihuri 8 ya sentimita 3 bila baki. Mihuri ya sentimita 5 ingeacha pengo la sentimita 4.

Mwendo wa pambo

Mapambo yote yanayojirudia huzaliwa kwa miendo minne: kusogeza, kuzungusha, kugeuza kama katika kioo, na kugeuza huku ukisogeza, kama nyayo za kushoto na kulia za mtu atembeaye mchangani. Katika ukanda mmoja, miendo hii huungana kwa namna 7 tu. Katika ukurasa mzima, namna ni 17 tu. Jambo hili lilithibitishwa na Evgraf Fedorov wa Urusi mwaka 1891, alipokuwa akichunguza fuwele za madini.

Hata kuzungusha kuna mipaka. Pembe zinazokutana katika nukta moja lazima zitimize nyuzi 360. Pembesita ina pembe za nyuzi 120, na tatu hutosha; ndiyo maana sega la nyuki halina pengo. Pembetano iliyo sawa ina nyuzi 108: tatu hufanya 324 na kuacha pengo la 36, nne huzidi. Mihuri ya pembetano haitafunika karatasi hata fundi awe stadi namna gani.

Tena, mhuri usio na pande zinazolingana, kama wenye umbo la herufi F, ni kama kiatu cha mguu mmoja. Waweza kusogezwa na kuzungushwa, lakini hauwezi kutoa sura yake ya kioo. Kwa mhuri huo mmoja fundi hupata namna 5 tu kati ya 17. Akitaka zilizobaki, na achonge mhuri wa pili. Njia rahisi ni kuupiga mhuri wa kwanza, ukiwa na wino mbichi, juu ya mpira mpya, kisha kuchonga kwa kufuata alama hiyo. Mihuri hiyo miwili itachapa sura za kushoto na kulia.

Zoezi

Chonga mhuri wa F katika kifutio cha sentimita 2 kwa 2. Piga mistari ya penseli inayopimwa kutoka ukingo mmoja wa karatasi. Chapa safu ya kwanza kwa kusogeza tu, na ya pili kwa kuuzungusha mhuri nusu duara kila baada ya hatua moja. Kisha tengeneza mhuri wa kioo, nawe uchape safu ya tatu kwa kufuatisha nyayo. Linganisha safu zote tatu, na upime umbali wa mhuri wa mwisho kutoka ukingoni. Tofauti isizidi milimita moja.