Tambi Nazo Zinataka Kitoweo
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya: kupika spageti za jioni kwa usalama na lishe bora

NENO KWA MSOMAJI

Jioni nyingi mpishi wa nyumbani hurudi amechoka. Maharage yanataka saa mbili jikoni, na watoto wameshaanza kuulizia chakula. Hapo pakiti ya tambi ndefu, ambazo wengi tunaziita spageti, huokoa jioni. Maji yakishachemka, dakika kumi zinatosha.

Shida huanzia kwenye namna tunavyozila. Katika nyumba nyingi tambi hukaangwa kwa mafuta mengi, zikatiwa chumvi na kidonge cha mchuzi, zikaliwa hivyo hivyo na soda pembeni. Tumbo hujaa, mwili ukabaki na njaa. Hakuna anayemwandalia mgeni ugali mtupu akaona amemkirimu. Basi tambi nazo ni nafaka kama ugali na wali, nazo zinataka kitoweo na mboga.

TAMBI ZINAUPA MWILI NINI?

Spageti nyingi za dukani hutengenezwa kwa ngano ngumu iliyosagwa, ikakandwa kwa maji na kukaushwa. Katika kila gramu 100 za tambi kavu, gramu 70 na zaidi ni wanga, na gramu 12 hivi ni protini. Wanga hutupa nguvu ya kufanya kazi. Lakini vitamini A, vitamini C na madini ya kalsiamu ni haba sana humo, na madini ya chuma hayatoshi. Hivyo vyote vitatoka kwenye mchuzi utakaouunga: nyanya, karoti, mboga za majani, dagaa, nyama au kunde.

MAHITAJI KWA WATU WATANO

• Tambi kavu gramu 400 (gramu 80 kwa kila mtu)
• Dagaa wakavu vikombe 2
• Nyanya kubwa zilizoiva 6
• Vitunguu maji 2 na punje 4 za kitunguu saumu
• Karoti 3 na pilipili hoho 1
• Mchicha au matembele mafungu 2
• Mafuta ya kula vijiko 3 vya chakula
• Chumvi nusu kijiko cha chai
• Ndimu 1

Kama hamna dagaa, tumia nyama ya kusaga robo kilo, au maharage, dengu au kunde zilizokwisha kuchemshwa vikombe 3. Wapo watakaoshangaa kusikia tambi na dagaa. Huko Sicilia, kusini mwa Italia, tambi kwa samaki wadogo wa jamii ya dagaa ni chakula cha asili, na watu hujivunia kukipika. Dagaa huliwa na mifupa yake, ndiyo maana huupa mwili kalsiamu nyingi pamoja na protini, tena kwa bei ambayo kaya nyingi zinaimudu.

KABLA YA KUWASHA MOTO

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20 au zaidi. Nawa tena ukishika nyama mbichi, ukitoka msalani au ukimbadilisha mtoto nepi.
2. Osha mboga kwa maji safi kabla ya kuzikata. Ukizikata kwanza, vitamini huondoka na maji.
3. Kisu na kibao kilichokatia nyama mbichi kisikatie mboga kabla ya kuoshwa kwa sabuni.
4. Chambua dagaa, toa vichwa na mchanga, kisha waoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu. Maji hayo pia hupunguza chumvi kama walikaushwa kwa chumvi.

JINSI YA KUPIKA

Anza na mchuzi, kwa sababu tambi haziwezi kusubiri.

1. Pasha mafuta kwenye sufuria. Kaanga vitunguu maji mpaka vilainike, kisha tia kitunguu saumu. Mafuta yasifikie kutoa moshi.
2. Tia dagaa, wageuze dakika 3 mpaka wanukie. Kama ni nyama ya kusaga, ipike mpaka isibaki na wekundu wowote wala maji ya damu.
3. Tia nyanya zilizokatwakatwa na karoti zilizokwaruzwa. Funika, acha zichemke kwa moto mdogo dakika 15 mpaka nyanya zirojeke. Nyanya iliyopikwa kwa mafuta kidogo huuachia mwili kwa urahisi ile rangi yake nyekundu iitwayo laikopini, na karoti nayo huhitaji mafuta ili vitamini A yake ifyonzwe.
4. Wakati mchuzi unaiva, chemsha maji lita 4 kwenye sufuria nyingine. Yakitokota, tia tambi, zikoroge mara moja ili zisigandane, usifunike.
5. Fuata dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi 8 hadi 10. Onja uzi mmoja: uwe umeiva lakini bado una ukakamavu kidogo. Tambi za namna hiyo humeng'enywa polepole, na sukari ya damu haipandi kwa kasi kama inavyopanda kwa tambi zilizopikwa mpaka zikalegea.
6. Teka kikombe kimoja cha maji ya tambi, uweke kando, kisha chuja.
7. Tia hoho, mboga za majani na chumvi kwenye mchuzi. Dakika 3 hadi 5 zinatosha. Mboga ikibadilika rangi na kuwa ya kahawia, umeipika kupita kiasi.
8. Mimina tambi ndani ya mchuzi, ongeza maji yale kidogo kidogo huku ukigeuza. Yana wanga, kwa hiyo hufanya mchuzi uwe mzito na ushike kwenye tambi bila kuongeza mafuta.
9. Epua, kamulia ndimu, pakua zikiwa moto.

CHUMVI, MAFUTA NA SUKARI

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ikihesabiwa chumvi ya vyakula vyote. Vidonge na unga wa mchuzi vina chumvi nyingi. Ukivitumia, usiongeze chumvi nyingine. Bora zaidi, acha vitunguu, hoho, dagaa na ndimu vilete ladha.

Pima mafuta kwa kijiko, usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, na ya wanga hutoa 4.

Tambi za sukari, nazi na iliki ni utamu wetu wa pwani, hasa mwezi wa Ramadhani. Zibaki na heshima yake ya futari na sikukuu, kwa kipimo, zisigeuzwe chakula cha kila jioni. Na mezani weka maji safi badala ya soda: chupa moja ya soda yaweza kuwa na sukari gramu 30 au zaidi.

SAHANI YA KILA MMOJA

Mtoto wa miezi 6 na kuendelea: aendelee kunyonya. Mkatie tambi fupi fupi na laini ili zisimkabe, na dagaa wake wasagwe kabisa. Mpakulie mchuzi wake kabla hujatia chumvi.

Mjamzito na anayenyonyesha: aongezewe dagaa au nyama, na mboga za majani. Ndimu ina vitamini C inayosaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na kunde. Chai na kahawa huzuia ufyonzaji huo, kwa hiyo zisubiri angalau saa moja baada ya kula. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki aendelee navyo.

Mwenye kisukari: nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe tambi, robo iwe dagaa, nyama au kunde. Dawa zake asiziache.

Mwenye shinikizo la damu: chumvi isiwekwe mezani kabisa.

USALAMA JIKONI

Hatari kubwa ya mlo huu ni maji ya moto wakati wa kuchuja. Waondoe watoto jikoni, geuzia mishikio ya sufuria upande wa ndani, mwaga maji taratibu, na uso ukae mbali na mvuke. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala yai. Kama jeraha ni kubwa, au ni la usoni, au aliyeungua ni mtoto mdogo, mpeleke kituo cha afya.

Jiko la mkaa lisitumiwe ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

KIPORO

Tambi zilizopikwa zisikae nje zaidi ya saa 2. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus anayestawi kwenye wali, tambi na viazi vilivyoachwa kwenye joto la kawaida. Sumu yake ya kutapisha haiharibiki hata ukipasha chakula mpaka kitokote. Mwenye jokofu aweke kiporo kwenye chombo kilichofunikwa, chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, akipashe moto mara moja tu mpaka kitoe mvuke kote, na kiliwe kesho yake. Asiye na jokofu apike kinachotosha usiku huo, kisilale.

MAMBO YA KUSHIKA

• Gramu 80 za tambi kavu zinamtosha mtu mmoja.
• Mboga ziwe nyingi kuliko tambi kwenye sahani.
• Kila sufuria ya tambi iwe na dagaa, nyama, mayai au kunde.
• Chumvi na mafuta vipimwe kwa kijiko.
• Kisicholiwa ndani ya saa 2 kiingie kwenye jokofu.

Mama, baba, dada unayepikia wenzako: jioni hii ukishika pakiti ya tambi, shika na fungu la mchicha. Dakika unazoongeza jikoni ni chache, na mwanao atalala ameshiba na mwili wake umelishwa.