Vifurushi na Mategemeo Yake: Kuitunza Debian Bila Kuivunja

Katika Debian, na katika Ubuntu iliyotokana nayo mwaka 2004, programu huingia kwenye kompyuta ikiwa ndani ya kifurushi, yaani faili moja ambalo jina lake huishia na .deb. Faili hilo si fumbo. Amri ya `ar t` ikielekezwa kwake huonyesha vitu vitatu tu: debian-binary, penye namba ya muundo wa faili, control.tar, penye maelezo ya kifurushi, na data.tar, penye mafaili yatakayotawanywa kwenye /usr, /etc na kwingineko. Hicho cha katikati ndicho chenye mambo. Humo kifurushi hutaja jina lake, toleo lake, na vifurushi vingine ambavyo bila hivyo hakiwezi kufanya kazi. Hivyo vingine ndivyo mategemeo yake, na karibu kila kero ya kusakinisha programu huanzia hapo.

Kazi yenyewe imegawanywa kati ya zana mbili. Ya chini ni dpkg, ambayo ina umri unaokaribia ule wa Debian: mradi ulianzishwa na Ian Murdock Agosti 1993, na mwaka uliofuata Ian Jackson akaiandika dpkg upya kwa lugha ya C. Dpkg hufungua kifurushi, huweka mafaili mahali pake, huendesha skripti zilizomo, kisha huandika kilichofanyika kwenye /var/lib/dpkg/status. Haijui mtandao wala ghala, yaani hifadhi ya mtandaoni ambamo vifurushi hupakuliwa. Ikikuta tegemeo halipo, hulalamika na kusimama. Ya juu ni apt, iliyokuja na Debian 2.1 mwaka 1999. Hii ndiyo inayosoma orodha za maghala, kupiga hesabu ya nini kinahitaji nini, kupakua, kisha kuikabidhi dpkg kazi kwa mpangilio unaofaa. Anayejua mpaka kati ya zana hizi mbili hutambua mapema ni ipi inayolalamika, na nusu ya uganga huwa imekwisha.

Mfano mdogo unatosha kuonyesha mategemeo yanavyoandikwa. Kifurushi cha curl katika Debian 12 kinataka libc6 kuanzia toleo 2.34, libcurl4 ya toleo lile lile la curl bila kupungua wala kuzidi, na zlib1g kuanzia 1:1.1.4. Kila sharti lina sababu. La kwanza ni la kiwango cha chini: libc6 yoyote mpya zaidi inafaa. La pili ni kali kwa kuwa curl na maktaba yake hujengwa pamoja kutoka msimbo mmoja. Katika la tatu, ile 1: ya mwanzo haihusu toleo la mtunzi wa programu. Huwekwa na watunza vifurushi pale mpangilio wa namba ulipovurugika zamani, na yenyewe hupimwa kabla ya namba nyingine zote. Alama ya ~ hufanya kinyume: 2.0~rc1 huhesabiwa kuwa ya nyuma ya 2.0. Na 1.10 ni mpya kuliko 1.9, jambo linalowapotosha wengi wanaozisoma kama desimali.

Si kila tegemeo lina uzito sawa. Lililoandikwa chini ya Depends ni lazima. Lililo chini ya Recommends ni la kawaida kwa watumiaji wengi, na apt hulileta isipoambiwa vinginevyo. Kwenye seva yenye diski ndogo, `--no-install-recommends` hupunguza mzigo sana. Suggests ni pendekezo tu na apt huliacha. Conflicts na Breaks hukataza vifurushi viwili kukaa pamoja. Provides hukiruhusu kifurushi kujibu kwa jina lingine, ndiyo maana programu inayohitaji seva ya barua pepe hutaja mail-transport-agent na kuridhika na exim4 au postfix.

Namba zilizo ndani ya majina ya maktaba hazipo kwa mapambo. Libssl1.1 ya Debian 11 na libssl3 ya Debian 12 ni vifurushi viwili tofauti kwa makusudi, kwa sababu programu iliyojengwa kwa kutumia ya kwanza haiwezi kuitumia ya pili. Hapa ndipo wengi hukwama: mtu anapakua .deb ya programu ya zamani, anaambiwa libssl1.1 haipo, halafu anashauriwa mtandaoni aivute kutoka ghala la toleo lililopita. Programu itawaka, ni kweli. Lakini OpenSSL 1.1.1, ambayo ndiyo chanzo cha libssl1.1, iliacha kupata marekebisho ya wazi ya usalama Septemba 2023, na Debian 12 haiitunzi. Mashine inabaki na maktaba ya usimbaji fiche ambayo hakuna anayeiziba mianya. Kilicho bora ni kutafuta programu hiyo ikiwa imejengwa kwa toleo linalotumika, au kuifungia ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa na mfumo.

Katika matumizi ya kila siku, amri ya kwanza ni `apt update`, ambayo haibadilishi programu hata moja. Huleta orodha mpya tu. Anayeiruka huishia kuomba toleo ambalo ghala limeshaliondoa na kujibiwa kwamba faili halipatikani. Baada yake huja `apt upgrade`, inayopandisha matoleo na inayoweza kuongeza vifurushi vipya, lakini haiondoi kilichopo. `apt full-upgrade` ina ruhusa ya kuondoa, na inafaa zaidi wakati wa kuhama kutoka toleo moja la Debian kwenda lingine.

Kabla ya kuendelea, apt huonyesha mpango wake: vitakavyoongezwa, vitakavyopandishwa, vitakavyoondolewa, na ukubwa wa kupakua. Watu hubonyeza Y bila kusoma. Katika video ya Novemba 2021, Linus Sebastian, mtangazaji wa Kanada mwenye chaneli kubwa ya YouTube, alijaribu kusakinisha programu ya michezo ya Steam kwenye Pop!_OS, mfumo uliojengwa juu ya Ubuntu. Matoleo ya vifurushi kwenye ghala yalikuwa yamepishana, na njia pekee ambayo apt iliiona ilikuwa kuliondoa dawati zima la picha. Iliorodhesha yote, ikaonya, ikamtaka aandike sentensi kamili ya kukubali. Akaiandika, na kompyuta ikabaki na skrini nyeusi ya maandishi. Kosa la ghala lilirekebishwa, na mwezi huo huo apt 2.3.12 ikatoka ikiwa na ukali zaidi katika kulinda vifurushi vya msingi. Hata hivyo ulinzi huo haufiki kila mahali. Sehemu ya kuondolewa ndiyo ya kusomwa kwanza, na ikiwa ndefu kuliko ilivyotarajiwa, jibu ni n. Anayetaka kutazama tu bila hatari hutumia `apt -s install` na jina la kifurushi; hapo apt huigiza kazi nzima bila kugusa chochote.

Apt hukumbuka pia kipi kiliombwa na mtu na kipi kilikuja kama tegemeo. Programu ikiondolewa, mategemeo yaliyoifuata hubaki yatima mpaka `apt autoremove` iyasafishe. Hapa pana mtego. Mtu aliyesakinisha kifurushi kinachokusanya vingine, mfano dawati zima la picha, akikiondoa kwa sababu ya programu moja asiyoipenda, vingi vilivyoletwa nacho vinaweza kuhesabiwa yatima. Dawa ni `apt-mark manual` kwa vile vinavyopaswa kubaki. Tofauti ya `remove` na `purge` ni ndogo zaidi: ya kwanza huacha mafaili ya usanidi kwenye /etc, ya pili huyafuta.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, apt inaporudi hukataa kuendelea na kutaja `dpkg --configure -a`. Si adhabu. Baadhi ya vifurushi vimefunguliwa lakini skripti zake za mwisho hazikuendeshwa, na amri hiyo huzimalizia. `dpkg -l` huonyesha hali ya kila kimoja kwa herufi mbili za mwanzo: ii ni salama, rc kimeondolewa na kuacha usanidi, iU kimefunguliwa bila kusanidiwa, iF usanidi umekwama. Ikiwa tatizo ni tegemeo lililokosekana, mara nyingi kwa sababu mtu aliitumia `dpkg -i` moja kwa moja, `apt --fix-broken install` huleta kilichopungua. Ni nafuu zaidi kuanza na `apt install ./programu.deb`. Ile ./ ni muhimu, maana bila hiyo apt hutafuta jina hilo ghalani badala ya kwenye folda.

Ujumbe mwingine wa kila mara ni ule wa kufuli: apt inasema mwingine ameshika /var/lib/dpkg/lock-frontend. Ushauri wa kulifuta faili hilo umeenea, nao ni mbaya. Mara nyingi aliyelishika ni huduma ya sasisho za usalama inayojiendesha yenyewe, na kulifuta ni kuruhusu michakato miwili iandike kwenye hifadhidata moja kwa wakati mmoja. Kusubiri dakika chache hutosha. Amri ya `ps aux` humwonyesha anayefanya kazi.

Maghala ya nje ni mada yenye ubishi. Kila ghala linaloongezwa kwenye /etc/apt hupewa uwezo wa kuendesha skripti kwa mamlaka yote ya mashine, kwa hiyo sahihi ya kidijitali na ufunguo wake vinahitaji kuaminika, na ufunguo huo ufungwe kwa ghala lake peke yake kwa kutumia signed-by. Kuchanganya maghala ya Ubuntu na ya Debian, au ya toleo imara na lile la majaribio, huzaa mashine ambayo haijafanyiwa majaribio na mtu yeyote. `apt policy` ikifuatiwa na jina la kifurushi huonyesha kila toleo linatoka wapi na lipi litashinda. Debian 12 iliongeza kizuizi cha aina hiyo hiyo upande wa Python: pip, zana ya kusakinisha maktaba za lugha hiyo, haikubali tena kuziweka ndani ya mfumo, na humwelekeza mtumiaji kwenye mazingira yake ya pekee. Wengi walikasirika, lakini waliowahi kuona zana za mfumo zikifa kwa sababu ya maktaba moja iliyopandishwa na pip walishukuru.

Kwa anayelipia bando, gharama nayo ni sehemu ya utunzaji. Orodha ya sehemu kuu ya Debian 12 peke yake ni megabaiti 9 hivi, kwa kuwa inaeleza makumi ya maelfu ya vifurushi. Kwenye maabara ya shule au ofisi yenye kompyuta nyingi, apt-cacher-ng ikiwekwa kwenye mashine moja, kila kifurushi hupakuliwa mara moja na zilizobaki huchukua hapo kupitia mlango 3142. Diski ikijaa, `apt clean` huondoa .deb zilizobaki kwenye /var/cache/apt/archives bila kugusa programu zilizosakinishwa.

Kabla ya kubadilisha diski au kuhamia mashine nyingine, inatosha kuendesha `apt-mark showmanual > orodha.txt` na kunakili folda ya /etc/apt. Kwenye mashine mpya yenye toleo lile lile, folda hiyo hurudishwa, `apt update` hupigwa, kisha `xargs -a orodha.txt apt install` kwa sudo. Mategemeo hayamo kwenye orodha hiyo, wala hayahitajiki. Apt itayahesabu upya.