Sifa Mpya za C++ na Kompaila Kongwe: Mtazamo wa Usanifishaji

Utangulizi

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili, wasemaji hawakubadili usemi wao kwa siku moja. Lugha za tarakilishi nazo zina usanifishaji wake. C++ ilisanifishwa mwaka 1998, ikapata toleo lenye mabadiliko makubwa mwaka 2011. Hata hivyo kompaila, yaani programu zinazofasiri matini ya mwanaprogramu ili tarakilishi iitekeleze, hazikuyapokea mabadiliko hayo kwa pamoja. Makala haya yanaonyesha jinsi matini moja inavyoweza kufaa kompaila kongwe na mpya.

Tatizo

Tuseme programu ya kukokotoa uzito wa majani mabichi ya chai imeandikwa Kericho, nayo itatumiwa katika kituo cha kununulia majani huko Bomet chenye tarakilishi kuukuu. Kompaila ya GCC ilikamilisha sifa za 2011 katika toleo 4.8.1 la mwaka 2013. Lakini hadi toleo la 6 la mwaka 2016, iliendelea kuisoma C++ kwa kanuni za zamani isipoelekezwa vinginevyo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuielekeza kwa amri -std=c++11. Iwapo kompaila haina sifa yenyewe, amri hiyo haifui dafu.

Suluhisho

Neno override huitaka kompaila ithibitishe kwamba kanuni ya klasi tanzu kweli inachukua nafasi ya kanuni ya klasi mama. Tunaweza kulifunika hivi:

#if __cplusplus >= 201103L
#define BADILI override
#else
#define BADILI
#endif

Penye BADILI, kompaila mpya italiona neno override, ilhali kongwe itaona nafasi tupu. Matini hubaki moja.

Hata hivyo, hatari ipo. Iwapo kanuni ya uzito katika klasi mama ina neno const na ile ya klasi tanzu haina, kompaila mpya itaikataa matini. Kongwe itaipokea kimya. Programu ikiiita kanuni kupitia klasi mama, ya mama ndiyo itakayotumika, na kilo za mkulima zitakokotolewa visivyo. Ni lazima basi kila badiliko lijaribiwe kwa kompaila zote mbili.

Aidha, kompaila ya Microsoft hutangaza thamani 199711L hata inapozijua sifa mpya, isipopewa amri /Zc:__cplusplus. Ni afadhali kuulizia sifa yenyewe pale inapowezekana, kwa mfano kupitia __cpp_lambdas, kuliko kuulizia umri wa lugha.

Hitimisho

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Msanifishaji aongezaye sifa mpya hana budi kuwajali watumiaji wa toleo la zamani. Na mwanaprogramu naye akumbuke kwamba kompaila kunyamaza si ushahidi kuwa matini ni sahihi.